Sipro haijaondoka, imehamia kwenye tope

Watu wengi ukiwatajia majitaka ya hospitali wanawaza damu na sindano, kumbe mimi kinachoniumiza kichwa zaidi ni mkojo wenye antibayotiki. Mgonjwa akimeza amoksilini, zaidi ya nusu inatoka kwenye mkojo ikiwa bado dawa kamili, sipro (siprofloksasini) nayo karibu nusu ya kidonge hivyo hivyo, sasa chukua wodi nzima ya waliolazwa, kila mtu na dozi yake, wengine wanachomwa seftriaksoni kila siku, vyote vinaishia chemba moja. Na hapa Bongo chemba hiyo mara nyingi inaenda septiki tanki, au ikibahatika inaunganishwa na bomba la mji mpaka kwenye mabwawa ya majitaka.

Njia ya kusafisha majitaka hayo inayopigiwa debe sana ni ya kibaiolojia, yaani unafuga bakteria kwenye tanki, unawapulizia hewa, wanakula uchafu. Mtambo ukiwa na afya hata haunuki vibaya, lile tope la kahawia, ambalo ndilo hao bakteria walioshikamana, linatoa harufu ya udongo uliolowa mvua. Ukichota lita 1 kwenye silinda ya kioo ukaiacha itulie dakika 30, tope linashuka taratibu kama limeshikana mikono na juu yanabaki maji meupe kabisa, mgeni akiyaona anapiga makofi. Ila dawa iliyoyeyuka huioni kwa macho, na hata membreni ya kuchujia inayozuia bakteria haiizuii, molekuli ya dawa ni ndogo mno inapita tu.

Kwa hiyo swali ni hao bakteria wanaifanya nini dawa, na hapo kila dawa ina tabia yake.

Amoksilini ndiyo nyepesi. Ina kiringi fulani kwenye molekuli ambacho kinavunjika haraka, na bakteria wengi wana kimeng'enya cha kukikata. Kinachochekesha (kama ni cha kucheka) ni kwamba kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachofanya dawa igome kufanya kazi wodini, yaani kinachotusafishia maji ndicho kinachotuletea usugu.

Septrin sasa, ambayo huku inatumika mno, hata watu wanaoishi na VVU wanapewa kama kinga. Ndani yake kuna dawa mbili. Moja, trimethopirimu, inataka tope lililokaa muda mrefu kwenye tanki, wiki kadhaa, ili wale bakteria wanaokua polepole wanaokula amonia wapate nafasi ya kuwepo, ukimwaga tope kila baada ya siku chache inapita kama ilivyoingia. Ya pili, salfamethoksazoli, ndiyo kituko, maana ini la mgonjwa linaibandikia kipande kidogo cha ziada inakuwa siyo dawa tena, ikifika kwenye tanki bakteria wanakibandua, dawa inarudi. Ndiyo maana wakati mwingine ukipima unakuta inayotoka ni nyingi kuliko iliyoingia na siyo kwamba maabara imekosea.

Halafu sipro. Ripoti itakwambia imetoka kwenye maji kwa asilimia kubwa, na ni kweli, ila nyingi haikuliwa, imeganda kwenye tope! Na tope hilo siku moja linanyonywa na gari linakwenda kumwagwa sehemu, na kuna sehemu wakulima wanalipenda kwelikweli kwa mbolea.

Hizi asilimia mimi ndizo siziamini hivi hivi. Uswisi, kwenye hospitali ya Baden, walijaribu mtambo wa bakteria wenye membreni, wakapima dawa zote kwa pamoja wakapata umeondoa asilimia 22 tu ya mzigo, sababu zaidi ya asilimia 80 ya mzigo wenyewe ilikuwa zile dawa zenye ayodini anazochomwa mgonjwa kabla ya kupiga picha, bakteria hawazigusi. Ukiziondoa hizo kwenye hesabu, namba inabadilika kabisa. Wadenishi pale Herlev karibu na Copenhagen walipofungua mtambo wao 2014 hawakuishia kwa bakteria, wakaongeza kaboni, ozoni na taa za UV. Ni nzuri ila bei yake na umeme wake, jamani, tusidanganyane.

Kwetu mabwawa na bustani za matete bado yana maana, tena jua linasaidia, sipro ni mojawapo ya dawa zinazovunjwa na mwanga. Na tuwe wakweli, antibayotiki nyingi zinamezwa majumbani siyo wodini, hivyo hospitali peke yake haimalizi tatizo. Lakini mkandarasi akija na mtambo wake unaong'aa akakutajia asilimia 90, muulize ni dawa ipi, tope linakaa siku ngapi, na likitolewa gari linalipeleka wapi. Akianza kukuonyesha silinda ya maji meupe, mwambie hiyo umeshaiona.