Sukari ya mtu aliyelala na njaa

Swali ninaloulizwa kuliko yote kliniki ni hili: "Nilikula magharibi, tangu hapo sijatia kitu mdomoni. Hii sukari imetoka wapi?" Leo kaniuliza bibi mmoja wa Makorora, hapa Tanga. Mashine ya kupima sukari imesoma 11 (milimoli kwa lita), juu ya kawaida, naye ananitazama usoni akisubiri kuitwa mwongo, maana kituo alikotibiwa zamani walimwambia waziwazi kwamba anakula usiku kwa kificho.

"Nakuamini, bibi," nikamwambia. "Sukari hii imetoka kwenye ini lako mwenyewe."

Ini ni ghala. Tukila, linaweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni, na tukilala linaitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayoliambia ini lifunge mlango. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani ini halisikii vizuri amri hiyo, basi usiku kucha linamwaga, na tena linatengeneza sukari mpya. Metformini anayomeza bibi kila siku kazi yake kubwa ni kulizuia ini hilo. Hakuwahi kuambiwa. Alidhani ni dawa ya kuyeyusha chai ya asubuhi.

Nimerudi nyumbani Chumbageni nikimfikiria Gerty Cori, mwanasayansi aliyeichunguza safari hiyo ya sukari mwilini. Chuoni jina lake lilikuwa mstari mmoja kwenye daftari langu, nami naona anastahili kurasa. Alizaliwa Prague mwaka 1896, binti wa msimamizi wa viwanda vya sukari. Alisomea udaktari, akaolewa na Carl waliyesoma naye, na mwaka 1922 wakahamia Marekani. Januari ya mwaka huo huo, kule Toronto, mvulana wa miaka 14 alikuwa amechomwa insulini, mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa nayo. Dunia ikaishangilia dawa, na ilikuwa haki yake. Gerty na Carl wakashika swali gumu zaidi: sukari ikitoka kwenye damu inakwenda wapi, na inarudi kwa njia ipi?

Mwaka 1929 walieleza mzunguko ambao leo unabeba jina lao. Mchukuzi wa pale bandarini akijitwisha gunia, misuli yake huvunja glikojeni na kutoa asidi ya laktiki. Damu huipeleka asidi hiyo kwenye ini, ini huigeuza kuwa sukari tena na kuirudisha kwa misuli. Mwaka 1936 wakaikamata hatua ya kwanza kabisa ya glikojeni inapovunjika, kisha wakakipata kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kinachoifanya kazi hiyo.

Na wakati wote huo, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walikohamia mwaka 1931, Carl alikuwa mkuu wa idara, Gerty msaidizi wa utafiti kwa mshahara mdogo, ingawa kazi ilikuwa moja. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1947, mwaka walioshinda Nobel pamoja na Bernardo Houssay wa Argentina. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo upande wa tiba. Hilo la kucheleweshewa cheo linaniuma kila nikilisoma. Mwaka huo huo akagundulika ana ugonjwa wa uboho, nao ndio uliomwua mwaka 1957. Lakini hapo katikati, mwaka 1952, akiwa mgonjwa, yeye na Carl walionyesha kwamba kuna watoto ambao ini lao limejaa glikojeni na bado sukari ya damu inashuka vibaya, kwa sababu wamekosa kimeng'enya kimoja cha kuifungulia sukari itoke. Ulikuwa miongoni mwa magonjwa ya kurithi ya kwanza kabisa kuonyeshwa kwamba yanatokana na kimeng'enya fulani kukosekana.

Ndiyo maana sitaki kusikia mhudumu akimwambia mgonjwa "umekula wewe" kabla hajafikiria ini.

Ramadhani inakaribia, na hapa Tanga wagonjwa wangu wengi watafunga, wengine bila kumwambia daktari. Akiba ya ini ina mwisho. Saa za alasiri imepungua sana, na anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, anaweza kushuka ghafla akiwa njiani. Nimeshaomba nafasi ya kuzungumza na akina mama wa darasa la Ngamiani. Nitawaambia kuchoma kidole kupima hakufunguzi, masheikh wengi wamekwisha kulisema hilo. Sukari ikiwa chini ya 3.9, fungua hapo hapo, hata kama adhana imebakiza dakika chache. Ikipita 16.7, fungua vilevile na uje kliniki. Na kabla Shaabani haijaisha kila mmoja aje tupange upya saa za dawa, ya futari na ya daku. Bibi wa Makorora tayari nimemwandikia Jumanne.