Mwembe uliolala na mbao zangu tatu

Mwembe ule ulilala kuelekea bondeni, nyuma ya nyumba yetu Wete, tangu mimi mdogo. Ulipokatwa niliomba gogo, nikalichana mbao za mita 2 kwa ajili ya rafu za misahafu za madrasa. Nikazipanga kivulini juu ya vijiti, hewa ipite, na kila moja nikaipa namba kwa mkaa. Baada ya miezi minne nikazifunua: nne zimenyooka, tatu zimepinda kama upinde. Nilipozipiga randa, zile tatu zilikataa kulainika. Nyuzi zilisimama kama manyoya ya paka aliyelowa.

Binti wa kaka yangu anasomea misitu Morogoro. Alipokuja kwa Idi nikamwonyesha. Aliuliza jambo moja tu: "Ami, hizi tatu zilikuwa upande gani wa gogo?"

Nikasoma namba. Zote upande wa juu, ule uliotazama mbingu.

Akachukua kipande cha kamba ya makumbi, akakifumua taratibu mapajani. Kila uzi wa mti, alinieleza, ni kibomba chembamba, na ukuta wake umezungushiwa nyuzi ndogo mno za selulosi zilizoshikanishwa na lignini kama gundi. Tabaka nene la katikati ndilo lenye kazi. Nyuzi hizo zikisimama karibu wima, ubao unakuwa mkakamavu. Zikizunguka kwa kulala, kama kamba iliyosokotwa sana, ubao unanyumbuka. Maji yakitoka ukutani nyuzi zenyewe hazifupiki, zinasogeleana. Ndiyo maana ubao mzuri hupungua upana, lakini urefu wa mita 2 haupotezi zaidi ya milimita 4 hivi.

Sasa mti uliolala hujivuta usimame. Mwembe na jamii ya miti ya majani mapana huota upande wa juu nyuzi za kuvuta, na mara nyingi ukuta wa nyuzi hizo una tabaka la ziada ndani, selulosi karibu tupu. Mti ukiwa hai linavuta kama kamba inayopandisha tanga. Likikauka linanywea kwa urefu, na ubao unaweza kufupika hata asilimia 1: sentimita 2 nzima kwa mbao zangu! Uso mmoja ukivuta na wa pili ukikataa, ubao utafanya nini kama si kupinda?

Msonobari wa bara ni kinyume, husukuma kutoka upande wa chini. Kwa hiyo mbao za msonobari kutoka Mufindi nazitazama kichwani: nikiona duara pana zenye wekundu mzito upande mmoja, naziacha. Mvinje wetu usikudanganye kwa sura. Si msonobari, nao huvuta.

Zile tatu sikuzitupa. Ubao wa mita 2 uliopinda sentimita 3, ukiukata vipande vya nusu mita, pindo la kila kipande halifiki milimita 2. Nikavitengenezea marufaa, vile vibao vya kuwekea msahafu wakati wa kusoma.

Siku hizi, kabla shoka halijagusa mti, naning'iniza timazi kwenye shina na kuutia alama mgongo wake, yaani upande wa juu. Mbao za mgongo nazichana fupi tangu mwanzo. Rafu ziko madrasani tangu Ramadhani, zimenyooka, na chini yake watoto wanasomea kwenye marufaa ya mwembe ule ule.