Kwinini iliyokataa kuganda

Ukisikia ugunduzi wa kwinini unavyosimuliwa, utadhani wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou walichemsha gome la sinkona, mti unaotoa dawa hii ya malaria, wakachuja, basi. Paris, mwaka 1820, kazi ilikuwa ngumu zaidi.

Walianza na aina ya gome la kijivu. Walilitoa utomvu wake kwa alkoholi, wakaukausha, kisha wakaupasha moto kwenye maji yenye asidi hidrokloriki kidogo. Alkaloidi, yaani kemikali chungu ya mmea yenye tabia ya besi (kinyume cha asidi), hugeuka chumvi na kuingia majini. Mafuta na rangi ya kijani hubaki nje. Ikafuata magnesia, unga mweupe unaoua asidi, tena ya kuzidi: asidi huisha nguvu, alkaloidi ikarudi kuwa besi isiyopatana na maji, ikatuama. Mashapo huoshwa kwa maji baridi mpaka yatoke bila rangi, hukaushwa, ndipo huchemshwa kwenye alkoholi kali. Ukiyatia yangali mabichi, maji yake huizimua alkoholi na uchafu hupita nayo. Chuja ikiwa moto. Alkoholi ikipungua, zinatokea sindano nyeupe: sinkonini, alkaloidi ambayo Gomes, daktari wa Lisbon, alikwisha kuipata.

Gome la manjano likapitishwa njia ileile, likatoa kitu cha manjano kinachonata, bila hata sindano moja. Mtu mvivu angesema ni sinkonini chafu, akaosha tena. Wao walikijaribu kwa etha, kimiminika chepesi kinachoyeyusha vitu: kikayeyuka vizuri, ilhali sinkonini huyeyuka humo kidogo mno. Kumbe ni vitu viwili, na hiki kipya ndicho kwinini! Gome jekundu lilikuwa navyo vyote viwili.

Kwinini iliyowakatalia kuganda yenyewe, yaani kuwa fuwele, huganda vizuri ikiungwa na asidi sulfuriki, na hapo ndipo watu huharibu. Salfeti ya kawaida, chumvi inayopatikana hapo, ili iyeyuke huhitaji maji baridi kama sehemu 800 kwa sehemu 1, lakini yanayochemka takriban 30 tu. Ukipoza, fuwele hujitenga. Asidi ikizidi unapata bisalfeti, chumvi yenye asidi zaidi, ambayo sehemu 10 hivi za maji zinatosha kuiyeyusha. Utapoza mpaka kesho, na chomboni hamna kitu ila maji yanayong'aa buluu juani. Tia amonia tone kwa tone, ukikoroga, mpaka uchachu ukaribie kwisha.

Hawakuchukua hataza. Baadaye Henry, mwanakemia mwingine Mfaransa, akairahisisha kazi: gome likachemshwa moja kwa moja kwenye maji yenye asidi sulfuriki, chokaa ikachukua nafasi ya magnesia, na alkoholi, iliyokuwa ghali, ikatumika mwishoni tu.