Deni la kodi na nyumba ya majina mawili: tulivyoepuka kufilisiwa Uingereza
Ombi la kunitangaza mufilisi lilifika mahakamani, na nyumba ni yangu na mke wangu. Hapa Uingereza deni la pauni 5,000 linatosha mtu kuombewa hivyo. Msimamizi wa mali za mufilisi huchukua fungu langu tu, ila baada ya mwaka mmoja mahakama kwa kawaida huruhusu nyumba nzima iuzwe.

Mhasibu akagundua kitu: sehemu kubwa ya deni ilikuwa makadirio ya mamlaka ya kodi, kwa kuwa ritani zangu (fomu za kutangaza mapato kwa ajili ya kodi) hazikuwa zimeingia. Ritani halisi ikipelekwa ndani ya miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya kuiwasilisha, inachukua nafasi ya makadirio. Tukakesha na risiti za dizeli ili kuandaa ritani hizo, nyingine zimefifia hazisomeki. Deni likashuka. Lililobaki shemeji alitukopesha, tukalipa pamoja na gharama za kesi (hizo ziliniuma kweli), na ombi likatupwa.