Siku moja na wasafisha vyumba wa hoteli, Jinja, Uganda

Saa 12 asubuhi. Boda inanishusha lango la nyuma, naingia kupitia dobi. Mama wa dobi keshawasha mashine, mikono inanukia jiki.

"Mama, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu. Wageni wa rafti, wale wa boti za mpira mtoni, wamejaa, shuka leo hazina mwisho."

Saa 1. Kama msimamizi wa wasafishaji, nagawa vyumba. Hapa ndipo ninapotoa sifa, nikitaja jambo lenyewe. "Kazi nzuri jamani" haimfikii mtu. Jana dada mmoja alikuta pasipoti chini ya mto, akakimbia nayo mapokezi kabla gari la mgeni halijaondoka kwenda Entebbe. Nikamtaja mbele ya wenzake, nikaeleza alichofanya.

Saa 5. Ukaguzi. Napitisha kidole juu ya fremu za milango. Vyumba vya dada yule, hata nyuma ya pazia pamefutwa.

Saa 7. Posho (ugali) na maharage. Gumzo ni lile lile: mfanyakazi bora wa mwezi. Picha hubandikwa mapokezi, na washindi karibu wote ni wa mapokezi au wahudumu wa mezani, kwa sababu mgeni huandika jina la mtu aliyemwona. Nani atamwandika anayefua shuka?

"Na picha hailipi ada ya shule," mpishi anadakia.

Hapo sina la kumjibu. Kima cha chini cha mshahara kisheria Uganda bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu 1984. Leo ni rolex mbili tu, labda tatu, yaani chapati zilizoviringishwa na mayai. Bahati nzuri waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo. Chuoni tulifundishwa Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani: mwaka 1959 alieleza kwamba mshahara mbovu huleta manung'uniko, ila kinachomsukuma mtu kujituma ni kazi yenyewe na kutambuliwa. Nakubali, kwa sharti moja: mshahara uwe umeshaingia. Ukichelewa, cheti kinakuwa kejeli.

Saa 9. Tunafungua sanduku la bakshishi. Zamani kila mtu alitia mfukoni mwake. Sasa tunagawana wote, dobi na waosha vyombo wakiwemo. Wasafisha vyumba walinuna, na sikuwalaumu. Lakini zamani saa hizi tungekuwa bado tunasubiri shuka, na mgeni mpya amekaa juu ya begi lake. Siku hizi kufikia saa 7 toroli zimejaa shuka safi. Hakuna aliyeongezewa mashine.

Saa 11 jioni. Meneja anataka kumtunuku mama wa dobi mwezi huu, hatimaye. Ameshamwita mpiga picha. Namwomba asubiri kidogo, nashuka kumuuliza mwenyewe.

"Picha niipeleke wapi? Nipe Jumamosi, mjukuu wangu anaolewa Bugembe."

Siku moja ya mapumziko, mshahara haukatwi. Meneja kasaini akinung'unika kuhusu mpiga picha. Zamu ya Jumamosi nimempangia kijana wa bustani, aliyekuwa akiiomba dobi siku nyingi.