Mama mwenye sukari: kipimo kizuri cha mifupa kisiwalaze usingizi

Mama wa miaka 68 mwenye kisukari cha aina ya 2 anapimwa mifupa, majibu yanarudi mazuri, nyumba nzima inashusha pumzi. Hapo ndipo watu hukosea. Mashine hupima madini peke yake. Sukari iliyokaa juu miaka mingi hujishikiza kwenye kolajeni, zile nyuzi zinazoufanya mfupa unepe kidogo badala ya kukatika, nazo hukakamaa. Basi mfupa waweza kuwa mzito na bado ukavunjika upesi.

Ila kwa kawaida nyonga haivunjiki mpaka mtu aanguke. Huko Siaya au Vihiga, saa mbaya ni usiku, safari ya choo cha nje: miguu ina ganzi, patipati zimelegea, leso inaburuta, na pengine sukari imeshuka kwa sababu glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, ilimezwa na chakula kikawa kidogo. Akiamka na jasho na kutetemeka, asisimame. Apimwe kitandani. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, anywe maji yenye vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Ndoo yenye kifuniko chumbani si aibu. Aibu ni kumwacha apapase gizani.

Kliniki, ulizeni dawa. Pioglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, huongeza kuvunjika mifupa kwa wanawake. Metformini haidhuru mfupa, lakini ikitumika miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12 na kuzidisha ganzi.

Chakula: kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku. Maziwa mililita 250 hutoa kama 300. Omena waliwe wazima, kwani kalsiamu iko kwenye mifupa yao. Ukitupa vichwa unatupa dawa. Sukuma wiki huachia kalsiamu yake vizuri kuliko dodo (mchicha), ambayo oksaleti yake, kemikali ya asili ya majani, huishikilia. Mwenye ugonjwa wa figo asijinunulie vidonge vya kalsiamu.

Miguu nayo ipimwe. Mikono ikiwa imekunjwa kifuani, asimame kutoka kitini na kukaa tena mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mama wa miaka 65 hadi 69 asipofikisha mara 11, mapaja yamelegea: aanze mara 5 asubuhi na 5 jioni. Kiti kiegemezwe ukutani, na kiwe cha mbao; cha plastiki huteleza kwenye sementi.