Nilivyopata priampu moja ya besi kwa nyimbo za kila mtindo

Bendi ninayopigia gitaa la besi haina mtindo mmoja. Katika onyesho moja tunaweza kuanza na nyimbo za taratibu za kumsindikiza mwimbaji, tukaingia kwenye rumba na reggae, tukapita kwenye funk inayotaka uzi upigwe kwa kidole gumba, kisha tukamalizia na roki ambayo besi yake isipokwaruza kidogo huonekana kama imelala. Gitaa langu ni moja, lenye pikapu, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi, za kawaida zisizotumia betri, na kwa miaka kadhaa nilitegemea amplifaya yoyote niliyoikuta jukwaani. Siku nyingine ilikuwa nzuri, siku nyingine ilikuwa sanduku linalovuma tu, nami sikuwa na la kufanya isipokuwa kuzungusha vitufe nikiomba heri.

Kilichonielekeza kwenye priampu ni kuelewa kwamba amplifaya ni vyombo viwili ndani ya kasha moja. Cha kwanza, yaani priampu, hupokea mawimbi dhaifu kutoka kwenye pikapu, huyapandisha na kuyapa tabia: uzito, ukali, mkwaruzo. Cha pili ni kipaza nguvu, ambacho kazi yake ni kusukuma spika, na kikiwa kizuri hakibadilishi sana tabia hiyo. Nikaona kwamba nikiwa na priampu yangu mwenyewe kwenye mkoba, nitaichomeka katika tundu la nyuma la amplifaya ya mtu yeyote, lile linaloruka priampu yake, au nitaingia moja kwa moja kwenye miksa, mtambo unaochanganya sauti za bendi nzima, na sauti itabaki yangu. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Chombo nilichokinunua kwa hoja hiyo ndicho kilichokuwa kosa.

Nilichagua chenye vitufe vingi kuliko vyote, kwa imani kwamba wingi wa vitufe ndio wingi wa sauti. Chumbani, kwa hedifoni, kilinipendeza mno: sauti za chini zilijaa, za juu zilimetameta, na kila noti ilikuwa kama imepakwa mafuta. Siku ya mazoezi niliweka simu nyuma kabisa ya ukumbi, ikarekodi nyimbo nne. Tulipoisikiliza, mpiga ngoma aliuliza kama kweli nilikuwa nimepiga wimbo wa tatu. Nilikuwa nimepiga, tena kwa bidii, lakini katika rekodi ile palisikika mngurumo usio na noti chini ya ngoma kubwa na mchakacho wa vidole juu ya matoazi, na katikati hapakuwa na kitu.

Ilinichukua wiki mbili kupata sababu. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na spika nyingi za jukwaani hazina nguvu kubwa huko chini. Anachokisikia msikilizaji, na kinachomwezesha kutambua ni noti gani, kwa sehemu kubwa ni sauti za juu yake zinazozaliwa na uzi huohuo: hezi 82, 123, 164 na kuendelea. Ndiyo maana eneo la kati, tuseme kuanzia hezi 250 hadi 1,000, ndilo linaloibeba besi ndani ya bendi, na ndilo nililokuwa nimelichimba shimo. Tena sikulichimba peke yangu, kwa sababu masikio ya binadamu husikia sauti za chini kwa udhaifu pale sauti inapokuwa ndogo, kwa hiyo chumbani mtu huziongeza bila kujua, na akifika jukwaani zinakuwa zimezidi. Jambo la tatu sikulitarajia. Saketi nyingi za priampu zimefuata ile ya amplifaya za Fender za zamani, na katika saketi hiyo kuweka vitufe vyote katikati hakumaanishi sauti isiyoguswa. Sauti za kati zinakuwa tayari zimepunguzwa, na ili uikaribie sauti ya gitaa lenyewe unatakiwa kufungua kitufe cha kati karibu chote na kurudisha nyuma vile viwili vya pembeni. Mimi nilikuwa nikianza katikati kila siku, nikidhani hapo ndipo sifuri ilipo.

Kabla ya kununua kingine nilijiwekea utaratibu wa kupima, na huu ndio ninaoona ulinisaidia kuliko ushauri wote niliopewa. Niliazima priampu tatu kwa wapiga besi wenzangu. Mbele yake niliweka pedali ya kurudiarudia, ile inayonasa kipande unachokipiga na kukicheza bila kikomo, ili kila priampu ipokee upigaji uleule. Hili si dogo, kwa maana vidole hubadilika vyenyewe: ukisikia sauti hafifu unapiga kwa nguvu zaidi, ukisikia mkwaruzo unapiga kwa madaha, mwishowe unalinganisha mikono yako badala ya vyombo. Nilinasa vipande vinne, kimoja kwa kila namna ya upigaji tunayoitumia, kisha nikasawazisha ukubwa wa sauti kwa programu ya simu inayopima desibeli. Chombo kinachozidi kingine kwa desibeli 2 tu huonekana kizuri zaidi hata kama si kizuri, na nina hakika kwamba kile cha kwanza nilikinunua kwa sababu kilikuwa kimefunguliwa zaidi ya wenzake. Baada ya hapo niliwaomba wenzangu wapige juu ya vipande hivyo, nikaenda kukaa mwisho wa ukumbi mikono ikiwa mitupu.

Ya kwanza kati ya hizo tatu, yenye valvu, yaani taa za kioo zinazokuza mawimbi, ilikuwa na utamu usiopingika katika nyimbo za taratibu, kwani valvu zikisukumwa kidogo hulainisha vilele vya sauti na kuongeza joto. Hata hivyo ilikuwa na tabia moja tu, na kwenye funk kidole gumba kilipotea ndani ya ulaini huo. Ya pili ilikuwa safi kabisa, na kusema kweli ilichosha, kwa kuwa ilitaka mpiga besi mwenye gitaa bora kuliko langu. Ya tatu ndiyo iliyonifumbua macho, ingawa ilikuwa na vitufe vichache kuliko ile niliyokuwa nayo nyumbani.

Tofauti yake ilikuwa katika kitufe cha kati. Priampu niliyoinunua iliongeza na kupunguza sauti za kati mahali pamoja tu palipochaguliwa kiwandani. Hii ya tatu ilikuwa na kitufe cha pili cha kuhamisha mahali penyewe, kutoka karibu hezi 200 hadi zaidi ya 1,000. Fikra hiyo si ngeni: Ampeg SVT, amplifaya ya valvu yenye wati 300 iliyotoka mwaka 1969, tayari ilikuwa na swichi ya kuchagua kati ya hezi 220, 800 na 3,000. Nilipozungusha taratibu huku mwenzangu akirudia kipande kimoja, nilisikia besi ikibadilika umbo kama mtu anayegeuka kukutazama. Ikiongezwa karibu na 250 hunenepa na kukaa vizuri kwenye reggae, ila ikizidi hapo inakuwa matope. Karibu na 500 husema kwa sauti ya mbao, inayofaa rumba, maana pale noti zinakimbia na kila moja inatakiwa ijulikane. Karibu na 800 hunguruma na kupenya magitaa mawili ya umeme bila kuongeza ukubwa wowote. Kwa kidole gumba nilifanya kinyume, nikapunguza kidogo hapo karibu na 500 na kuinua za juu. Mitindo minne ilitoka karibu yote kwenye vitufe viwili.

Jambo la pili lilikuwa mkwaruzo. Nilikuwa nikichukia mkwaruzo kwenye besi kwa sababu kila pedali niliyoijaribu ilinila sauti za chini. Mawimbi yanapokatwa vilele, noti hujaa sauti za juu na uzito wake huonekana kukonda. Priampu hii ilikuwa na kitufe cha kuchanganya, kinachoruhusu sauti safi ipite kando ya ile iliyokwaruzwa na zikutane mwishoni. Nikiweka theluthi moja ya mkwaruzo, anayesikiliza mbali hatambui kwamba umo, anaona tu kwamba besi iko karibu naye zaidi. Mpiga solo, ambaye hana desturi ya kusifu besi, aligeuka akauliza nimebadilisha nini.

Kasoro ilijitokeza siku ya pili. Kila nilipopiga kwa kidole gumba kulisikika mpasuko mfupi usiohusiana na kitufe cha mkwaruzo. Nilishuku waya, nikashuku pedali, mpaka nilipobaini kwamba priampu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikifika ukingoni, kwa kuwa ilikuwa ikitumia volti 9 na vilele vya kidole gumba ni virefu kuliko vya upigaji wa kawaida. Ilikuwa imeandikwa ubavuni kwamba inakubali hadi volti 18, nami nilipoipa 18 mpasuko ukaisha. Nasisitiza kwamba ilikuwa imeandikwa, kwa sababu pedali isiyoruhusiwa kupata volti hizo inaweza kuungua.

Kuhusu sehemu ya nguvu nilitumia muda mfupi. Kuongeza wati mara mbili huleta desibeli 3 tu, yaani tofauti inayosikika lakini isiyotisha, kwa hiyo sikuona sababu ya kukimbilia namba kubwa. Nilichukua kipaza nguvu cha daraja D, aina nyepesi isiyotumia valvu, chenye uzito usiofika kilo 3 na makasha mawili ya spika yenye ukinzani wa umeme wa omu 8 kila moja, ambayo yakiunganishwa sambamba hufanya omu 4, kiwango cha chini kabisa ambacho kipaza hicho kinaruhusu. Ukumbi mdogo nabeba kasha moja. Wapenzi wa valvu watasikitika, lakini mgongo wangu haujasikitika hata kidogo, nami sina tena hofu ya kuwasha kipaza cha valvu bila spika, kosa linaloweza kuua transfoma yake.

Mwishowe nilikagua namna priampu inavyoongea na miksa. Pikapu zisizotumia betri zinahitaji kuingia kwenye chombo chenye ukinzani mkubwa, megaomu 1 ni kiwango kizuri. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la miksa, sauti za juu hufifia kama umeifunika spika blanketi. Priampu hii ilikuwa na tundu la DI, yaani la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye miksa kwa waya wa pini tatu, pamoja na swichi ya kukata waya wa ardhi, ambayo iliondoa mvumo siku ya kwanza tu nilipoitumia. Ilikuwa pia na swichi ya kuchagua kama miksa ipate sauti iliyopita kwenye vitufe au ile ghafi ya gitaa. Mafundi mitambo wengi huomba ghafi, na nilikuwa nikikubali. Sasa nakataa kwa adabu, kwani tabia ya sauti ndiyo niliyoihangaikia, na haina maana ibaki jukwaani peke yake huku watu wakisikia kitu kingine.

Kwa hiyo nilinunua ya tatu na kuuza ile yenye vitufe vingi kwa mtu anayepiga peke yake nyumbani, ambaye bado anaisifu. Kwenye uso wa priampu nimebandika vipande vinne vya utepe wenye rangi, kila rangi na mtindo wake, ili katikati ya nyimbo nisitafute namba gizani. Wa bluu, ambao ni wa rumba, umeshabanduka mara mbili kwa kuguswaguswa. Ule wa funk bado mpya.